Meli ya Serikali Ikistaafu: Niliyoyasema Isiolo Kuhusu Chuma Chakavu

Uzi. Jumamosi iliyopita niliitwa kuzungumza na vijana hapa Isiolo mjini. Mada niliyopewa ilikuwa "mali ya umma iliyochakaa". Wengi mmeniomba maandishi, basi nayaweka hapa kama nilivyosema, nimepunguza tu salamu na vicheko. Na kama kawaida ya ukurasa huu, hakuna jina la mwanasiasa wala chama. Ukitaka kumtaja wa kwako, mtaje moyoni.

Wazee wangu, mama zangu, vijana, asanteni kwa kuacha shughuli za Jumamosi mkaja.

Nianze na kauli mbili mnazozijua. Msimu wa siasa ukifika, mmoja anapanda juu ya gari na kusema, "Wameuza mali yenu kwa bei ya chuma chakavu!" Kesho yake mwenzake wa upande wa pili anajibu, "Ile ilikuwa imeoza, tumewapunguzia mzigo." Basi tunagawanyika. Nusu tunashangilia huyu, nusu yule, na hakuna aliyeuliza hata swali moja. Iwe ni gari, feri, ndege au jenereta, maneno ni yale yale. Leo nataka tuchukue kitu kikubwa kuliko vyote ambavyo serikali humiliki halafu ikavitoa kazini. Meli.

Namwona mzee hapo mbele anatabasamu. Najua anachowaza: Isiolo na meli wapi na wapi? Sisi bahari yetu ni mchanga. Subira, mzee wangu. Naanzia hapa hapa kwetu.

Wengine hamjui kwamba kabla sijaanza hizi kelele za mtandaoni nilikuwa na mizani. Nilikuwa Bulla Pesa, kibanda cha mabati, mizani ya kuning'iniza, na deni kwa kila jirani. Nilinunua sufuria zilizotoboka, vitanda vya chuma, radieta, chochote kile. Siku moja akaja kijana mchungaji, miaka kumi na miwili hivi, na gunia juu ya punda. Alikuwa ametoka upande wa kaskazini, ng'ambo ya Ewaso Nyiro. Akamwaga gunia chini. Vipande vya shaba, vizuri, vizito. Halafu kikaanguka kitu kirefu kama chupa, kina mapezi nyuma. Kizima.

Nilimwambia asiguse. Nikamshika mkono tukatoka, nikawatoa na wa duka la jirani, tukaita chifu, chifu akaita wenye kazi yao. Wakaja, wakakibeba, jioni tukasikia mlipuko mmoja mbali nje ya mji. Yule kijana alikuwa analia. Haikuwa hofu. Alikuwa analilia kilo zake.

Sasa niwaambie kitu ambacho sipendi kukisema mbele ya watu. Kabla ya siku ile nilikuwa nimenunua magunia mengi ya namna hiyo, na sikuwahi kumuuliza mtoto yeyote ametoa wapi. Shaba ilikuwa na bei.

Upande ule wa Archers Post, na kule Dol Dol Laikipia, majeshi yamefanya mazoezi miaka na miaka. Mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa watu 233 wa sehemu hizo, waliojeruhiwa au waliofiwa kwa sababu ya mabomu yaliyoachwa ardhini bila kulipuka. Watu 233, wengi wao wachungaji. Mazoezi yaliisha, malori yakaondoka, chuma kikabaki. Na chuma kikibaki, mwenye njaa atakuja kukiokota, maana kwenye mizani kilo ni kilo, haijali kilo hiyo ina nini ndani.

Basi hiyo ndiyo hadithi nzima ya meli pia, ila meli ni gunia kubwa zaidi.

Manowari ikifika mwisho wa kazi, mwanasiasa anaona maelfu ya tani za chuma na anapiga hesabu: tani mara bei ya tani, pesa ziko wapi? Hesabu hiyo ina pengo. Meli zilizojengwa zamani zimefungwa asbestosi kwenye mabomba na vyumba vya injini ili kuzuia joto na moto. Uzi wake ukiingia mapafuni hautoki, na ugonjwa unaweza kuja baada ya miaka ishirini au thelathini, wakati kampuni iliyokuajiri imeshabadilisha jina. Kuna rangi zenye risasi, nyaya na transfoma zenye mafuta yenye sumu, matangi yaliyobaki na mafuta na gesi. Ukiwasha moto wa kukatia chuma kwenye tangi ambalo halijasafishwa, unajua mwenyewe. Tarehe 1 Novemba 2016 huko Gadani, Pakistan, meli ya mafuta ililipuka ikiwa inavunjwa ufuoni. Vibarua wasiopungua 26 walikufa. Walikuwa wanafanya kazi yangu, ila wao walikuwa ndani ya gunia lenyewe.

Ndiyo maana bei peke yake haikuambii kama umeibiwa. Marekani iliuza manowari zake kubwa za kubeba ndege kwa senti moja. Naam, senti moja. Forrestal mwaka 2013, halafu Kitty Hawk na John F. Kennedy mwaka 2021, kila moja senti moja. Fikiria kama ingekuwa hapa kwetu! Tungekesha tukipiga kelele kwenye simu. Lakini mnunuzi alichukua pamoja na meli gharama ya kuikokota, kuisafisha na kuivunja kwa sheria za kwao. Pesa alizotarajia kwenye chuma zilikuwa za kulipia kazi hiyo. Kwa hiyo senti moja inaweza kuwa bei ya haki, na mamilioni yanaweza kuwa bei ya wizi, ikiwa aliyelipa mamilioni anapanga kuikata ufuoni na vijana waliovaa sandali. Amelipa zaidi kwa sababu sumu amewaachia wengine.

Mkitoka hapa na jambo moja tu, litoke hilo. Ukisikia "wameuza rahisi" au "wameuza ghali", uliza kwanza: sumu imebaki na nani?

Sasa kuna jambo la sheria ambalo kwenye majukwaa hulisikii kabisa. Kuna mkataba wa dunia wa kuvunja meli kwa usalama, unaitwa Mkataba wa Hong Kong. Uliandikwa 2009 na ukaanza kazi tarehe 26 Juni 2025, miaka kumi na sita baadaye. Unataka kila meli iwe na orodha ya vitu vya hatari vilivyomo ndani, na yadi ya kuvunjia iwe imeidhinishwa. Safi. Lakini soma kifungu cha tatu. Mkataba hauhusu manowari wala meli za serikali zisizofanya biashara. Serikali zinaambiwa tu zijitahidi kufuata kadiri inavyowezekana. Hauhusu pia meli ndogo za chini ya tani 500 kwa kipimo cha ujazo, wala zile zinazozunguka ndani ya maji ya nchi yake tu. Kwa hivyo boti nyingi za doria na feri za kwetu zinatoka kwa milango yote mitatu.

Mnaona ilivyokaa? Serikali za dunia zilikaa chini, zikaandika sheria ya wenye meli, halafu zikajitoa zenyewe. Mimi sisemi walikuwa na nia mbaya. Meli ya vita ina siri zake, nakubali. Ila matokeo ni kwamba meli ya mfanyabiashara ina mkaguzi wa kimataifa, na meli ya umma ina wewe tu. Wewe, mbunge wako, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu.

Na wananchi wakishtuka, mambo hubadilika. Ufaransa ilikuwa na manowari ya kubeba ndege, Clemenceau. Mwisho wa 2005 ikaanza kukokotwa kwenda Alang, India, na asbestosi yake ndani. Watu wakapiga kelele, mahakama zikaingia, Februari 2006 ikaamriwa irudi nyumbani. Baadaye ikavunjwa Hartlepool, Uingereza. Meli dada yake, Foch, Ufaransa ilikuwa imeshaiuzia Brazil mwaka 2000 ikabadilishwa jina kuwa São Paulo. Hiyo ndiyo sinema yenyewe. Mwaka 2022 ikakokotwa kwenda Uturuki kuvunjwa, Uturuki ikafuta kibali ikiwa njiani. Ikageuzwa. Bandari za nyumbani nazo hazikuitaka. Ikazungushwa baharini kama ng'ombe mgonjwa ambaye hakuna boma linalomfungulia, na tarehe 3 Februari 2023 jeshi la majini la Brazil likaizamisha yapata kilomita 350 kutoka pwani. Ndani yake kulikuwa na tani za asbestosi. Iko chini huko sasa.

Turudi Kenya. Jeshi letu la majini lilianzishwa Desemba 1964, na boti zake za kwanza kubwa, Simba, Chui na Ndovu, zilikuja 1966. Mwaka huo huo ndipo MV Uhuru iliingia majini Kisumu, ile meli ya kubeba mabehewa ya reli Ziwa Victoria. Hebu tukae kidogo na hii MV Uhuru, kwa sababu inaonyesha ugonjwa wetu. Meli haikuuzwa. Haikuvunjwa. Ilisimama tu bandarini zaidi ya miaka kumi, hadi ilipotengenezwa, mafundi wa jeshi la majini wakishiriki, ikarudi kazini 2019. Tukashangilia, na mimi nilishangilia. Ila hakuna aliyetuuliza: zile miaka za kusimama tulilipa kiasi gani? Walinzi, kutu, mizigo iliyopanda lori? Kutoamua nako ni kuamua, na bili yake haisomwi bungeni.

Hapa Isiolo mnaujua ugonjwa huo. Ingieni yadi yoyote ya serikali, hata sisemi ipi. Kuna lori la maji halina magurudumu. Kuna ambulensi imeota nyasi kwenye injini, mbuzi analala kivulini. Trekta lililoletwa na bendera na hotuba, leo limebaki mifupa. Halijauzwa, halijatengenezwa. Kila mwezi kitu kinapungua: leo betri, kesho radieta, keshokutwa gia. Mimi najua, kwa sababu zilikuwa zinakuja kwangu usiku. Gari la umma likikaa miaka mitano bila kuamuliwa, limeshauzwa tayari, kipande kwa kipande, na pesa hazikuingia kwenye hazina hata shilingi moja. Halafu siku ya mnada inapofika, yule wa jukwaani anapiga kelele kwa nini limeuzwa bei ya ganda. Ni ganda, mheshimiwa. Ulikuwa wapi?

Kuna mtu aliniandikia kabla ya leo akisema mambo ya sumu ni ya wazungu, sisi tuna shida zetu. Nikamwambia aende Owino Uhuru, Mombasa. (Hapana, haina uhusiano na ile meli, jina tu.) Pale kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kutoa risasi. Urejelezaji huo huo tunaousifu. Kilifanya kazi kati ya 2007 na 2014, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Risasi ikaingia kwenye damu ya watoto. Kesi ikaenda, mwaka 2020 mahakama ya mazingira ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, rufaa ikaivuruga, hadi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaisimamisha tena. Na kati ya waliobebeshwa lawama ni ofisi za serikali zilizopaswa kusimamia. Kwa hiyo mlipa ushuru wa Merti na Garbatulla anaingia kwenye bili ya sumu ya Mombasa. Hiyo ni shida yetu kabisa.

Sheria tunayo. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya 2015 inataka kila ofisi ya umma iwe na mpango wa mwaka wa kuondoa mali iliyochakaa, na kamati ya kuikagua. Mali inaweza kuhamishiwa ofisi nyingine ya umma, ikauzwa kwa zabuni ya wazi au mnada, ikabadilishwa na mpya, au ikatupwa kama taka kwa utaratibu. Wafanyakazi wa ofisi hiyo wamewekewa mipaka ya kujiuzia. Ni sheria nzuri, na ukiisoma unashangaa yadi zetu zinaishi nchi gani.

Lakini kwa vyombo vya usalama wa taifa, sheria hiyo hiyo inaruhusu orodha mbili, moja ya wazi na moja ya siri. Hapa ndipo watu wawili wa jukwaani wanapojificha. Mmoja anadai kila kitu kianikwe, hata mitambo ya mawasiliano, jambo ambalo hakuna jeshi litakubali. Mwingine anasema "usalama wa taifa" na kufunga mlango. Maoni yangu ni haya: bunduki, rada na redio ziwe siri, ziondolewe zote kabla ya meli kutoka kambini. Kinachobaki ni bati, bomba na taka. Asbestosi haina siri ya taifa. Adui gani atafaidika akijua bomba la choo limefungwa kwa nini?

Baada ya hapo mkono ukainuka nyuma. Dada mmoja, mwanafunzi wa chuo, akaniuliza swali lililonipendeza kuliko hotuba yangu yote: "Kaka, kwa nini hizo meli tusivunje sisi wenyewe? Tuna Lamu, vijana hawana kazi, na nondo za kujengea ni ghali."

Ni swali la haki. Viwanda vyetu vya chuma havina mgodi wa kutegemea, vinayeyusha chakavu na kuagiza kutoka nje. Meli ni chuma kizuri, sehemu kubwa yake inarudi kuwa nondo. Na barabara inayotoka Lamu imepangwa kupita hapa Isiolo, chuma hicho kingeweza kutufikia. Nikamjibu kwamba sipingi, ila aangalie Lamu yenyewe. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wa Lamu zaidi ya elfu nne walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu bandari ilijengwa na riziki yao ikaharibiwa. Hiyo ni bandari tu, bado hatujaleta meli ya kuvunja. Kama ni yadi, iwe na sakafu ya saruji na mitaro ya kukusanya mafuta, watu wenye barakoa za kweli, hospitali karibu. Hapo gharama inapanda, na mwekezaji anasema afadhali ufuo. Ufuo ni bure kwake. Kwa mvuvi si bure.

Akauliza tena, hakuniachia: "Na wewe ulipokuwa na mizani, ulikuwa na barakoa?" Ukumbi ukacheka. Sikuwa nayo. Wala leseni sikuwa nayo miaka ya mwanzo, kabla ya Sheria ya Chuma Chakavu ya 2015 kututaka tuandikishwe na kuweka daftari la nani ametuuzia nini. Tuliilalamikia sana sheria ile. Halafu Januari 2022, minara ya umeme ikaanguka na nchi ikaingia gizani, biashara yote ya chuma chakavu ikapigwa marufuku hadi Mei. Wazuri na wabaya tukafungwa pamoja, kwa sababu hakuna aliyeweza kutenganisha chuma safi na cha wizi. Daftari lingetutenganisha. Nililielewa daftari nikiwa nimeshafunga kibanda.

Mzee wa mbele, yule wa tabasamu, akasimama mwisho. Akasema kwamba zamani ngamia akizeeka, mwenye ngamia humwamua mapema, akiwa bado na nyama. Ukingoja aanguke mwenyewe, wanakula fisi. Nikamwambia mzee, hotuba yangu ya saa nzima umeimaliza.

Kabla hatujatoka tuliandika barua pamoja, pale pale, vijana sita na mimi. Katiba kifungu cha 35 na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinaturuhusu. Tumeiomba ofisi moja ya umma hapa hapa, sitaitaja kwa sasa ili wapate nafasi ya kujibu bila presha, orodha ya magari na mitambo yake iliyosimama, tarehe kila kimoja kiliposimama, na mpango wa mwaka huu wa kuviondoa. Hatujamshtaki mtu. Imepelekwa Jumatatu asubuhi, nakala yetu ina muhuri. Sheria inawapa siku 21.

Leo ni ya tano. Jibu likija nitaliweka chini ya uzi huu, na lisipokuja nitaweka picha ya muhuri.